Alama Kumi za Ushiriki

Saa sita usiku, Kihesa imelala.
Blanketi mabegani, chai imepoa,
na mbele yangu orodha: majina arobaini na moja
na safu moja tupu, USHIRIKI,
alama kumi, zitakiwe kesho saa mbili.

Mtambo umeshanihesabia.
Unasema Gervas Mligo kachangia mara hamsini na tatu.
Nafungua moja baada ya nyingine:
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia.
Hoja nzito, hongera.
Naunga mkono.
Saa tano na dakika tatu, saa tano na dakika nne,
saa tano na dakika nne tena,
kama kuku anayetangaza yai
kabla hajaingia kiotani.

Unasema Sekela Tweve kachangia mara mbili.
Muhula mzima, mara mbili.
Ya kwanza: Samahani mwalimu, mtandao
na sentensi ikafia hapo.

Baba yangu alikuwa mgema wa ulanzi kule Kidabaga.
Alfajiri alinipeleka kwenye mianzi,
akaniambia tega sikio:
mbeta ikiwa tupu, kila tone hulia, to, to;
ikikaribia kujaa husikii kitu.
Ningependa kuishia hapo, nimpe Sekela kumi nikalale.
Lakini hata mbeta iliyopasuka hailii.
Yupo Ambokile, kimya tangu wiki ya kwanza,
na kimya chake nakijua: hajafungua hata kitabu.

Basi nikasoma ya pili ya Sekela.
Ilikuja siku tisa baada ya mjadala kufungwa.
Tulikuwa tumebishana nani alaumiwe
chemchemi zikikauka,
na wenzake walishanukuu sheria, vifungu, ripoti,
wakapigiana makofi, wakatawanyika.

Aliandika:
Kwetu Tandala mto ulinifika magotini
nilipokuwa darasa la tatu.
Sasa unalowesha kisigino.
Juu ya chanzo kuna mikaratusi, ekari mbili,
na aliyeipanda ni baba.
Nilimpelekea swali lenu. Akasema,
nilikuwa napanda ada.
Kila mhula aliangusha miti kumi na miwili.
Mimi ndiye ile ada.
Sasa naombeni mniambie, nimnyooshee nani kidole
na kwa mkono upi?

Nilisoma mara tatu. Mbwa wa jirani alibweka, akaacha.

Chini yake palikuwa na jibu moja tu,
moja, ambalo mtambo haukulihesabu
kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafungwa.
La Gervas.
Yule yule wa naunga mkono.
Dada, mimi sina la kusema. Umeandikia wapi,
si ulisema kwenu hakuna mtandao?
Na Sekela: Nimepanda hadi kwenye mnara, saa mbili kwa mguu.
Kuna umande ulioganda, vidole havikuwa vinanisikia.
Na Gervas: Siku nyingine nitumie kwa ujumbe wa kawaida,
nitakubandikia mimi. Niko dukani Makambako,
huku mtandao upo, ninachokosa ni maneno.

Nimekaa na kikombe baridi mkononi.
Kwenye mwongozo wa kusahihisha nimetafuta
kipengele cha mtu kukosa maneno akakopesha mtandao,
kipengele cha vidole visivyosikia.
Upo wingi wa michango, upo urefu wa michango,
upo uwahi.

Kisha, sijui kwa nini, nikateremka hadi mwisho wa orodha,
chini ya Zawadi Kihwele, mstari wa arobaini na mbili,
ambao huwa siuangalii.
Mtambo hauchagui. Nami ulinihesabu.
Mwalimu: maswali, manane.
Majibu kwa wanafunzi: sufuri.

Saa nane kasoro. Safu bado nyeupe.
Nimefungua upya mjadala uliofungwa,
nimeandika, Sekela, 
nimefuta,
nimeandika tena, Sekela,
kishale kinapepesa mbele ya jina lake
na mimi, mwenye kutoa alama,
natafuta neno la kwanza.